Bwana Beseni wa Zimamoto

Wazee wetu, ndugu, majirani na wenzake Baba wa kikosi cha zimamoto, mimi ni kitinda mimba wake, familia imenipa karatasi hii niwasomee.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ileile tuliyotoka naye asubuhi hii, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992, na tarehe 2 Mei 1995 akaajiriwa zimamoto, alikotumikia miaka ishirini na minane hadi akawa mkuu wa zamu.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 15 Desemba 2001, wakajaliwa watoto watatu, na sharti la Mama lilikuwa moja tu, moto uishie kazini, ndipo Baba akaweka beseni la maji na sabuni mlangoni mwa kituo, ikawa hakuna anayekwenda nyumbani kabla ya kunawa masizi, kunywa maji vikombe viwili, na kukaa kwenye benchi aseme alichokiona, hata kama ni kwa kulia. Wenzake walimwita Bwana Beseni, wakamuuliza kama ameajiriwa zimamoto au chekechea, lakini alipokwenda likizo walimpigia simu kuuliza sabuni anaificha wapi.

Ila mganga hajigangi. Kila mwaka siku ya kupima vifua ilipofika, nafasi zikiwa chache, Baba alimwachia yake mwenzake mwenye mtoto mchanga, na kikohozi chake akakiita vumbi, mpaka tarehe 6 Februari 2024 alipoanguka kwenye ngazi za kituo, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili nimuuguze, na kila jioni nikamwekea beseni kando ya kitanda. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tano asubuhi.

Aliniachia maagizo mawili. La kwanza ni langu, nirudi darasani Januari, nami nimekubali. La pili ni lenu, wenzake, tangu tuketi hapa nawasikia mkikohoa, kupima ni Jumatatu, tafadhali asiwepo wa kumwachia mwingine nafasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya vifua, majirani mliotuchotea maji, na nyinyi wa kikosi mliokuja kumnawisha uso kwa zamu.

Baba, zamu yako imekwisha, umeshanawa, vua viatu, pumzika kwa amani.