Gaudiosa wa Maktaba, Aliyezuia Zahanati Isijengewe Ntumba

Mama Gaudiosa wa maktaba anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 2026, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Sumbawanga miaka ishirini na tisa. Ni mingi, sikatai. Mimi ninayeandika, Polikarp wa getini, nina zaidi ya hiyo, ukiweka na ile niliyoshika mnyororo wa wapima ardhi kutoka Mollo mpaka mpakani Kasesya, na mwenye kubisha aje getini. Kazi hii nimepewa kwa sababu Mama mwenyewe alinitaja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mhariri asahihishe herufi, maneno aniachie.

Alianza kama msaidizi, kazi yake kufuta vumbi na kubandika namba kwenye vitabu. Upepo wetu wa Julai mnaujua, vumbi lilikuwa likirudi kabla hajamaliza rafu ya pili. Akajisomesha huku analea, akapanda mpaka akawa mkutubi mkuu. Alipotimiza miaka ishirini ya kazi alipewa vitenge na picha yake ikabandikwa ubaoni. Mimi nilipotimiza ishirini nilipewa kalenda, tena ilikuwa mwezi wa tano.

Miaka hii ya karibuni wakaja wanafunzi wa GIS, yaani ramani za kwenye kompyuta. Mwalimu wao yuko mbali, wanamwona kwenye kioo cha kompyuta tu, na maktaba wanaifuata kwa ajili ya intaneti. Kioo kiliwafundisha kubonyeza. Kutia shaka walifundishwa na Mama Gaudiosa, bila kutumwa na mtu. Ramani hii kaichora nani? Ya mwaka gani? Alifika au alikisia? Na mbona anaigawa bure? Mwanafunzi aliyekosa jibu hakuondoka mezani kwake.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na siufichi. Zamani aliyetaka kujua mto unapita wapi alikuja kwangu: shikamoo babu, nami nampa jibu na hadithi juu yake. Sasa wakawa wananipungia mkono tu huku wanakimbilia maktaba. Kwa Mama foleni mpaka kwenye ngazi. Kwangu mimi na redio.

Niwaambie la zahanati, ndilo kubwa. Halmashauri iliwaomba vijana ramani ya watu wanaishi wapi upande wa Msanzi, ili zahanati ijengwe karibu na walio wengi. Kuna kitongoji cha bondeni na eneo la mlimani. Salome na mwenzake Leonidas wakapakua mtandaoni ramani iliyokwisha tengenezwa. Mlimani ilijaa vidoto, na kila kidoto kiliitwa nyumba. Wakaandika zahanati iende mlimani. Ingepelekwa hivyo, akina mama wa bondeni wangekuwa wanapanda kilima kile na uchungu tumboni.

Mama akawauliza maswali yake. Ikaonekana vidoto vilihesabiwa na mashine, kwa picha ya setilaiti ya mwezi wa nne, na hakuna aliyewahi kukanyaga huku. Akawaambia watafute picha ya Januari ya sehemu ileile. Wakaitafuta. Vidoto hakuna, ni shamba tambarare.

"Nyumba gani hizo," akasema, "zinazobomolewa kila Desemba?"

Salome akashika kichwa. Zilikuwa ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani yake mvua zikielekea kuisha, halafu tunayavunja wakati wa kupanda. Mtoto wa Mollo, amelima ntumba na mama yake tangu hajang'oa meno! Leonidas nimsamehe, kakulia Kasesya kwenye malori.

"Wewe jembe umeshika kwa mikono yako, hukuzijua?" nilimwuliza.

"Babu, kwenye kompyuta imeandikwa makazi. Nikajua wao wameona zaidi."

Haya tuliyasema getini, maana Mama aliwaleta kwangu wathibitishe. Nikafurahi, nikavaa koti. Nikawaambia mlimani hakai mtu hata mmoja, andikeni, nimesema mimi. Mama akasimama palepale.

"Mzee Polikarp, kule umefika lini mara ya mwisho?"

"Mimi nafika kila mahali."

"Sikuuliza wapi. Nimeuliza lini."

Mbele ya vijana! Basi tukakodi bodaboda, nikaenda nao ili nimwaibishe. Ntumba zilikuwepo, mlima mzima, kama nilivyosema. Na nyuma yake, nyumba chache mpya za bati, na watoto wakitukimbilia. Nasema mpaka leo, wale walijenga bila kunieleza.

Vijana wakaandika upya: zahanati bondeni kwa walio wengi, na njia ichongwe kwa wale wa juu. Halmashauri ikatuma watu wake, wakakubali. Msingi umeshachimbwa. Kwenye ramani ile Mama ameshukuriwa kwa herufi kubwa. Mimi nimewekwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: Polikarp, mahojiano, na tarehe.

Sasa yuko kwenye likizo yake ya mwisho. Wiki iliyopita wanafunzi wapya walikuta maktaba imefungwa, wakaja getini. Wakauliza maji ya bonde fulani yanaelekea wapi. Nikawaeleza, nikaongeza na ya kwangu. Wakaandika kila neno, asante babu, wakaenda zao. Hakuna aliyeniuliza nimefika lini. Siku hiyo niliitamani miaka yote, na ilipofika nilikaa nimenuna mpaka chai ikapoa.

Mama Gaudiosa, wafanyakazi wote wanakushukuru, na mimi nimo. Shamba lako la ulezi kule Msanzi unakohamia lizae, miguu isikuume, wajukuu wakuheshimu, na maisha yako huko yawe mema. Ila Jumanne kabla hujapanda gari, pita getini. Wale vijana nimewaambia mambo mengi, na wa kunikatalia sina mwingine.