Bibi Harusi Hajivishi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, shikamoo yenu nimeshaipokea, marahaba. Nimeombwa nisimame mbele yenu niseme nilivyofika hapa, na wanaonijua wanajua kwamba kusimama pahali pamoja ndiyo kazi inayonishinda. Mkiona nahamisha uzito mguu huu kwenda ule, nivumilieni.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilikuwa nauliza sana, na barabara ilinijibu haraka kuliko mwalimu. Watu husema sisi wa huku tuna damu ya wapagazi waliobeba pembe mpaka pwani, nami nikaichukua hiyo kama ruhusa. Nilifuata warina asali Ipole, nikahamia kwenye mashamba ya tumbaku ya hukohuko. Nililala nilipochokea. Gongo nilikunywa nilipoipata, na niliipata mara nyingi.

Hapo Ipole ndipo niliposikia Neno, nikalipenda. Nikafundishwa, nikapangiwa kubatizwa Jumapili. Jumamosi yake akaja mhubiri mgeni, akafundisha kwamba Kanisa ni bibi harusi wa Kristo, safi, asiye na doa wala kunyanzi, yaani hata mkunjo mmoja. Ndugu zangu mliowahi kuchuma tumbaku, mnajua ile gundi nyeusi inavyoshika mikono. Niliitazama mikono yangu, nikaificha chini ya mapaja. Kisha nikaanza kuyafikiria madoa ya ndani, yasiyoonekana. Jioni nilijisugua kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, gundi ikabaki. Asubuhi wenzangu walipokuwa wanaelekea mtoni, mimi nilikuwa juu ya lori. Nilijiambia nitarudi nikishatakata.

Nawaambia, maneno hayo yalinitembeza miaka.

Igalula nilipakua mizigo stesheni. Kulikuwa na kikundi cha maombi, nikaingia nikauliza lililokuwa likinikera: sisi wanaume tunakuwaje bibi harusi? Mzee wa kikundi akasema ni fumbo, tusilichokonoe. Mpakuaji mwenzangu akadakia, "Bibi harusi mwenye ndevu! Shemeji, kwenu wanataka ng'ombe wangapi?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini jibu sikulipata, na mimi swali lisilojibiwa hunifukuza kama siafu.

Nikaenda Ziba kuchunga ng'ombe wa mtu. Huko nikaamua kujisafisha kwa nguvu zangu. Niliacha gongo, nikafunga, nikawakwepa watu. Nilifika mahali nikajiona kitambaa cheupe kilichoanikwa juani. Siku ya mnada, mtu niliyemsaidia kuswaga ndama akanipa kikombe kimoja cha gongo. Jua linazama, mimi niko chini, na ng'ombe wa watu wako kwenye mtama wa watu. Niliondoka Ziba na uso uliovimba kwa makofi. Nikasema basi, harusi hii si yangu.

Ndivyo nilivyoangukia Tabora mjini, nikisukuma mkokoteni. Siku moja bibi mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa zamani, Waislamu wa asili ya Omani, aliniita nipeleke sanduku kwa bibi harusi. Lilikuwa linatoka kwa bwana harusi. Uani kwa binti, kina mama walilifungua na kutoa kitu kimoja kimoja kwa vigelegele: kanga, magauni, viatu, udi, kitana, mpaka pini za mtandio. Mimi nilishapewa ujira wangu, nilitakiwa kuondoka. Nikaganda.

"Bibi, samahani. Na nguo zake mwenyewe je?"

"Anaziacha kwao. Siku ile anavaa alicholetewa."

"Na kama si msafi?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Anaogeshwa. Yuko somo yake wa kumsugua, yuko wa kumpaka hina. Bibi harusi hajiogeshi, mjukuu wangu, wala hajivishi. Kazi yake ni kukubali. Wewe unauliza ya nini, unataka kuoa?"

"Hapana, bibi. Mimi ndiye naolewa."

Uani walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mimi nilikuwa nimeshageuza mkokoteni.

Nilikwenda kwa mama mmoja muuza maandazi, mshirika wa kanisa hili, nikamwomba tufungue Maandiko, kwa sababu mimi husoma polepole. Tukatafuta fungu lile la doa na kunyanzi. Ndugu zangu, nilikuwa nimelisikia nusu! Doa nililisikia, anayeosha sikumsikia. Imeandikwa kwamba Kristo mwenyewe ndiye anayelitakasa Kanisa kwa maji. Tukaenda kwenye Ufunuo, kwenye karamu ya Mwana-Kondoo: bibi harusi amevaa kitani safi, na kitani hicho amepewa.

Kuna aliyeniuliza baadaye, mbona palepale panasema kitani ni matendo ya haki ya watakatifu? Swali zuri, lilinikosesha usingizi. Ninavyoona mimi, matendo yapo, tena ni lazima. Aliyevishwa hakai matopeni. Lakini havikwi kwa sababu aliyakimbia matope. Kwanza anavikwa.

Asubuhi ya ubatizo wangu, nisiwadanganye, nilikuwa nimefunga mzigo tayari. Mama yule alinikuta mlangoni na begi. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alikuwa amekuja na shati jeupe mkononi. Nilipolinyooshea mkono nilivae, akalivuta nyuma.

"Inama," akasema. "Leo huvai. Leo unavalishwa."

Nikainama. Mtu mzima, nikafungwa vifungo kimoja kimoja kama mtoto, huku nalia. Tukaenda.

Namshukuru mama huyo, naye anajijua. Namshukuru bibi wa Kiislamu ambaye hajui alinihubiria. Nawashukuru ninyi mliovumilia maswali yangu kila Jumatano. Sijageuka kuwa mtu mtulivu. Honi ya treni ikilia bado moyo unanyanyuka. Tofauti ni kwamba sasa nikisafiri nasafiri nikiwa mtu wa nyumba fulani, na ninarudi.

Neno langu ni moja, kwa yeyote humu anayesema moyoni, "Ngoja kwanza nijitengeneze, ndipo nije." Ndugu yangu, dada yangu, unakwenda kuoga wapi, na wanaokuogesha wako hapa?