Saa ya Faki, Ulimi wa Faki

Wasikilizaji wapendwa, acheni sufuria jikoni kidogo, sogeeni karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka Swabra binti Faki, wa Majengo, hapa hapa Machakos mjini. Mama Nuha. Muuza mapazia. Tumemzika wiki iliyopita. Alikuwa na saa nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kinyongo kirefu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nimesema kinyongo, na sitalilainisha neno hilo eti kwa sababu mwenyewe yuko kaburini. Angekuwa hai angenipigia simu anigombeze.

Tuanze na saa. Saa ilikuwa ya baba yake, Mzee Faki, fundi cherehani aliyetoka Lamu akapanda bara kutafuta riziki, akaja akaoa huku na asirudi tena. Ilikuwa saa ya ukutani ya mbao nyeusi. Uso wake mweupe ulikuwa na tarakimu za Kirumi, na mishale miwili ya chuma cha buluu iliyopindwa kwa madaha kwenye ncha. Chini, sahani ya shaba ilibembea nyuma ya kioo kilichochorwa ndege wawili. Na iligonga. Ikigonga, mtaa mzima unasikia.

Sasa tegeni sikio, maana kisa chote kiko hapa. Mzee Faki aliitia saa yake majira kwa Kiswahili. Saa moja ya asubuhi, mshale mfupi ulikuwa kwenye moja, si kwenye saba, na saa iligonga mara moja. Saa nne, mshale kwenye nne, inagonga nne. Mdomo unavyotamka ndivyo saa ilivyoonyesha. Wazee wengi wa pwani waliziweka saa zao hivyo. Narudia kwa anayefungua redio sasa: saa ilikuwa ya Faki, na ilisema Kiswahili.

Swabra alipokuwa mtoto alipanda stuli kumtazama baba yake akifungua kioo na kutia ufunguo. Siku moja akanyoosha kidole auguse mshale. Mzee akamshika mkono. "Saa haisukumwi, mwanangu. Saa inangojwa." Swabra alilishika neno hilo, na alikuja kulitumia siku ambayo Ndunda hataisahau.

Ndiyo, Ndunda. Mnaomjua mnamjua. Ndunda wa Kola, mkusanyaji wa vitu vya kale, mzee wa kofia ya kahawia. Alikuwa rafiki wa Mzee Faki, kula kwake, kunywa kwake. Mwaka ule wa mvua za El Nino mzee aliugua, na saa nayo ikaanza kusimama simama. Ndunda akaja kumwona mgonjwa. Akaitazama saa. "Mzee, wacha niipelekee fundi. Niko na mtu wangu Nairobi, ataisafisha vizuri sana." Mzee Faki akakubali. Swabra mwenyewe ndiye aliyeishusha ukutani. Akaifunga kwa kanga ya marehemu mama yake isikwaruzwe, akamfungulia Ndunda mlango, akamwambia asante.

Asante hiyo ilimla maisha yake yote. Mzee Faki alifariki saa haijarudi. Arubaini ikapita. Swabra akaenda Kola. Alipoingia sebuleni kwa Ndunda aliiona ukutani, imesafishwa, inabembea, mshale mfupi umehamishwa uko mahali pengine kabisa.

"Pole sana kwa mzee," Ndunda akasema. "Lakini hii aliniuzia. Kwani hukuambiwa?"

"Babangu aliuza saa anayotazamia swala?"

"Mgonjwa huuza vitu, mama. Sasa mimi nitafanya nini?"

Kisha, wasikilizaji wapendwa, mtu huyu akafungua kabati, akatoa ile kanga ya mamake Swabra imekunjwa vizuri, akamkabidhi. "Hii ni yenu. Mimi si mwizi." Swabra alirudi nyumbani na kanga mkononi. Hakulia. Nuha, binti yake, alikuwa mdogo, lakini anakumbuka. "Mama aliiweka chini kabisa ya sanduku," ameniambia. "Akasema siku moja itarudi kazini."

Basi kisasi kikaanza, na kilianzia dirishani. Muuza mapazia anaingia nyumba za watu. Anapanda kiti, anapima dirisha, jicho liko ukutani. Swabra alijua nani ana saa gani katika nyumba ambazo Ndunda alikuwa bado anauliza njia ya kuzifikia. Ndunda akisikia kuna saa nzuri Mitaboni kwa mjane wa mwalimu mkuu, anawasha gari, anafika, anakaribishwa chai. Saa haipo. Badala yake kuna mapazia mapya ya maua, yanapepea. "Aii, mama Nuha alipita hapa juzi," mjane anasema. "Tumebadilishana." Ndunda anakunywa chai hiyo akiyatazama mapazia. Nikifikiria uso wake mimi husikia raha, na sitaki mtu anifundishe adabu kuhusu hilo.

Mwanzoni Swabra hakuzipenda saa. Alizikusanya tu kwa vile Ndunda alizitaka. Lakini saa ni kitu cha ajabu. Ukiitazama kila siku, nayo inaanza kukutazama. Akapata saa ya mezani yenye mgongo wa mviringo, mbao zake zimepangwa mishipa ikakutana katikati kana kwamba mti uliota hivyo. Akapata kijisaa cha safari kinachofungika ndani ya ngozi nyekundu. Kutoka Kinanie akapata saa ya plastiki ya rangi ya chungwa, namba zake hujipindua zenyewe, tap! Akapata nyingine isiyo na namba hata moja, vijistari vya shaba tu, na bado ukiitazama unajua wakati.

Nuha anasema mama yake angeweza kusimama mbele ya mshale mmoja mpaka wali ukaungua. "Mtu aliyechora mshale huu," alimwambia, "hakulazimika kuupinda hapa. Hata kijiti kilichonyooka kingetosha kuonyesha saa. Aliupinda tu ili mtu asiyemjua, siku asiyoijua, atazame afurahi." Kisha hasira ikarudi usoni. "Halafu mtu anakuja kukuibia kitu cha namna hiyo akiwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa."

Na zote, kila moja, alizitia majira kwa Kiswahili. Wageni walichanganyikiwa. Saa tano ya asubuhi fundi wa umeme aliona mshale kwenye tano, akadhani ni kumi na moja ya jioni, akakusanya vyombo vyake akaenda. Swabra alicheka wiki nzima.

Sasa twende kwenye maonyesho. Mwaka juzi, ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, maonyesho ya vitu vya kale. Vibuyu, viti vya miguu mitatu, redio za zamani, pasi za makaa. Swabra alikwenda na jirani yake Mutheu, bibi ambaye ujana wake wote alipeleka maziwa Majengo nyumba kwa nyumba. Na Ndunda akapanda jukwaani na saa. Saa ile. Saa ya Faki.

"Hii saa," akasema kwenye kipaza sauti, "babu yangu alipewa na mzungu wa shamba la mkonge. Imekuwa kwetu toka hapo."

Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Saa ikagonga. Moja, mbili, tatu, nne. Ikanyamaza. Na unajua nini? Hakuna aliyestuka! Mshale kwenye kumi, kengele nne, na ukumbi mzima umetulia. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa saa nne! Wakamba, Waswahili, Wakikuyu, sote tukiona mshale kwenye kumi asubuhi tunasema saa nne. Mshereheshaji hata akasema, "Naam, ni saa nne kamili, tuendelee."

Swabra akasimama. "Ndunda, samahani. Mshale uko wapi?"

"Kwa kumi, mama Nuha."

"Na imegonga ngapi?"

"Nne. Si ni saa nne?" Watu wakacheka. Ndunda naye akacheka, akapangusa kofia.

"Ni saa nne kweli. Kwangu ni saa nne, kwako ni saa nne. Kwa mzungu wa mkonge ilikuwa saa ngapi?"

Kicheko kikakatika katikati. Swabra akasogea mbele, polepole, kwa sauti ile ya kupimia pazia. "Saa ya namna hii, hesabu ya kugonga iko kwenye gurudumu lake, ndani. Mshale uko nje. Ukiusokota mshale kwa kidole, huko ndani hakuna habari. Wewe uliikuta iko kwa nne saa nne ya asubuhi, ukadhani imepotea. Ukausukuma mshale mpaka kumi. Ukabadilisha uso, Ndunda. Ulimi ukauacha wa babangu. Na miaka yote hii unaisikia ikigonga nne, unaona ni sawa tu, kwa sababu na wewe ni mtu wa saa nne. Mzungu angeijua siku ya kwanza. Babangu aliniambia saa haisukumwi."

Hapo Mutheu akainuka na fimbo yake. "Asi! Hiyo ni saa ya Faki! Mimi nilikuwa napeleka maziwa kwake, inagonga moja na jua ndio linachomoza! Ndunda, wewe! Hauna haya?"

Ndunda akaishusha saa mezani. "Kama ni yako, nenda kortini."

"Korti itanipa saa," Swabra akasema. "Saa niko nazo. Mimi nataka wewe useme. Sema mbele ya watu hawa: saa hii ni ya Faki. Sema tu, yaishe."

Narudia, wasikilizaji wapendwa, ili pasiwe na mtu wa kupotosha baadaye. Hakutaka fidia. Hakutaka hata saa. Alitaka maneno yatoke kwenye kinywa kile kile kilichosema mgonjwa huuza vitu. Ndunda aliikumbatia saa akatoka kwa mlango wa jikoni.

Kuanzia siku hiyo Swabra alikuwa na salamu mpya. Akikutana na Ndunda sokoni, benki, popote, anamwuliza kwa upole, "Saa ngapi, Ndunda?" Mama mboga wakaidaka. Watu wa boda wakaidaka. Vijana wasiojua hata chanzo chake wakaanza kumpigia kelele toka ng'ambo ya barabara, "Niaje mzee, saa ngapi?" Mtu akaacha kuja mjini. Mbuzi zake akawa anazipeleka soko la mbali. Na ile saa nyumbani kwake ilimbana vibaya. Akizirekebisha kengele zake, amekiri. Akiiacha, inamsema kila saa mbele ya wageni wake.

Najua kuna anayenung'unika huko, "Si angesamehe?" Nuha pia alimwuliza. "Mama, haijatosha?" Swabra alikuwa amelala, sukari imeshamshusha, miguu haimbebi. Akajibu, "Itatosha akisema." Halafu akamwachia wosia mmoja. "Akiileta nikishaondoka, usimtukane. Mpe kiti. Mwulize tu ni saa ya nani. Asiposema, usiipokee."

Na aliileta. Siku ya tatu ya matanga, alasiri, Ndunda alisimama mlangoni Majengo na mzigo umefungwa kwa blanketi. Nuha akampa kiti. Hakukaa.

"Pole sana, mwanangu. Nimeleta saa."

"Asante kwa kuja, mzee. Saa ya nani?"

"Hii saa... ya huku."

"Saa ya nani, mzee?"

"Ile mama yako alikuwa anaitaka."

"Saa ya nani?"

Nuha anasema aliona midomo ya mzee ikifunguka. Anaapa neno lilikuwa limefika kwenye meno. Basi hapo hapo saa za Swabra zikaanza kugonga ndani ya nyumba, moja ikimfuata mwenzake, kila moja tisa, sebuleni, ukumbini, chumbani, zote za Kiswahili. Ndunda akangoja ziishe. Zilipoisha, mdomo ulikuwa umefungwa tena. Akainama akauinua mzigo wake.

"Ngoja, mzee," Nuha akasema. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na kanga. Kanga ile, ya bibi yake, bado na mikunjo ya mkono wa Ndunda. Akamwekea juu ya blanketi. "Hii ni ya kuifungia. Siku ukijua ni ya nani, irudishe nayo."

Mzee Ndunda alitembea na saa na kanga mpaka kwenye gari lake, na Majengo nzima ilisimama milangoni kumtazama. Hakuna aliyemtukana. Swabra alikuwa ameshasema wasimtukane.

Kwa Nuha, kwa Bibi Mutheu, kwa jamaa wote wa Mzee Faki hapa Machakos na Lamu, kituo hiki kinawapa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze Swabra pema, ampe na ukuta wa kutundikia saa zake. Nasi tuliobaki, tufanye jambo moja tukimaliza kusikiliza. Inua macho, tazama ukuta wa nyumba yako. Tazama kabati, tazama shamba. Kila kitu unachokiona, jiulize alichoulizwa Ndunda: ni cha nani? Kama jibu linakukwama, basi na wewe una safari ya kwenda.

Nimepangiwa kumaliza sasa hivi, na nimekipanga kipindi hiki makusudi kiishe wakati huu. Ni saa moja kamili ya jioni. Majengo, saa za Swabra zinagonga moja. Na wewe Ndunda, wa Kola, najua redio iko wazi na kanga iko juu ya meza. Mshale wako uko kwenye saba. Imegonga ngapi?