Gari Iliyozima Mlima Kawetire

Asubuhi ile Uyole ilikuwa imemezwa na ukungu. Saa tatu ilishapita na malori ya Tunduma bado yalikuwa yanapita na taa zimewashwa. Kijiwe chetu kipo nyuma ya maegesho ya teksi: benchi mbili zinatazamana, katikati jiko la mkaa na birika la mzee Makame, muuza kahawa. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisipotaka. Alikuwepo Aroni, fundi magari, tunamwita Spana. Alikuwepo Gwakisa, karani mstaafu, tunamwita Mkurugenzi kwa sababu hakuna jambo asilolitolea uamuzi. Alikuwepo Kalinga, Mhehe aliyeendesha malori miaka ishirini, jina lake Kilomita. Na mwisho wa benchi alikaa Timotheo, dereva teksi, ambaye tulikuwa hatujamwona tangu Alhamisi. Alhamisi hiyo gari yake ilizima mlima wa Kawetire akitoka Chunya, ndani ana mama mjamzito anayetokwa damu, anamkimbiza hospitali Mbeya mjini. Mama yule aliitwa Lusia. Alifia kwenye gari, na mtoto akiwa tumboni.

Timotheo alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Sisi tukaongea kama vile hayupo.

—Mafuta hayo, alianza Mkurugenzi. Siku hizi yanachanganywa na maji. Injini ikinywa maji mlimani itaachaje kuzima?

—Mafuta gani, gwe Mkurugenzi? Spana alimjibu. Gari nimeivuta mwenyewe kwa kamba mpaka gereji. Nimefungua boneti nimeona kwa macho. Ni mauntingi.

—Ndiyo nini hiyo? Makame aliuliza.

Spana aliinama kwenye sanduku langu akachukua kipande cha soli nene. Akakiweka juu ya ngumi yake, kisha akaweka kikombe juu ya soli.

—Tazama, mzee. Kikombe ndiyo injini. Ngumi ndiyo bodi ya gari. Injini hailali juu ya chuma kavu. Inashikwa na vikono vitatu, vinne, na kila kimoja kina raba katikati. Hiyo ndiyo mauntingi. Raba inameza mtikisiko usikufikie kitini, na inaishika injini isihame mahali pake.

—Na ikikatika?

—Unaanza kusikia. Ukitia gia inagonga, du! Ukisimama kwenye taa, usukani unatetemeka kama mtu ana malaria. Ukikanyaga mafuta, injini inajipinda upande. Mjini unaweza kwenda hivyo wiki tatu. Ila kwenye mlima, gari imezidiwa, umekanyaga mpaka mwisho, injini inajinyanyua na kuvuta kila kilichofungwa nayo. Yake ilivuta paipu ya rejeta. Ikachomoka. Maji yote chini, injini ikachemsha, basi.

—Angeongeza maji akaendelea, alisema Mkurugenzi.

—Kwenye paipu iliyopasuka? Ni kama kujaza kikapu.

Kilomita alikohoa. Nilijua kwa nini. Wiki mbili kabla, Timotheo alituletea gari ile hapa hapa, akaiwasha, tukausikia mlio. Spana alimwambia mauntingi mbili zimekatika, iache gereji leo, nifunge mpya, kesho usiku unaichukua. Timotheo akasema ana abiria. Kilomita ndiye aliyeinuka akamwonyesha jinsi ya kuishikilia injini kwa ukanda wa tairi na waya, aendelee na kazi.

—Mimi waya nilifunga Makambako, Kilomita alisema sasa, bila kuulizwa. Nikaenda nao mpaka mpakani na tani thelathini. Haikuhama hata kidogo. Waya siyo tatizo.

—Waya ulikatika, Kilomita. Ninao gereji, uje uuone.

—Basi hakuufunga nilivyomwelekeza. Au yale matuta ya barabarani. Wanajenga matuta kama makaburi, gari gani itapona?

—Siyo matuta, Mkurugenzi aliingilia, akashusha sauti. Hamtaki tu kusema. Ule mlima una wenyewe. Mwaka juzi pale pale lilianguka lori la tumbaku, na dereva alikuwa hajanywa. Kabla yake, padri alipasukiwa na tairi mbili kwa mpigo. Ukipita na mjamzito, unatakiwa ushuke, uweke kitu chini, useme unapita. Nani siku hizi anashuka?

—Kwa hiyo mlima ndio uliokata raba? Spana aliuliza.

—Nimesema una wenyewe. Raba ni njia tu waliyoipitia.

—Astaghfirullah, alisema Makame, akachochea mkaa.

Ndipo Timotheo alipoongea mara ya kwanza.

—Siyo mlima, mzee Gwakisa. Na waya niliufunga vile vile alivyonionyesha Kilomita.

Kilomita akaangalia chini, naye Timotheo akaendelea.

—Nilipeleka abiria Chunya, nikawa narudi tupu. Kwenye njia panda mwanamume akanisimamisha. Mke wake anaumwa, gari ya wagonjwa imeshaondoka na mwingine. Alimbeba mwenyewe mikononi, akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika kitenge. Alikuwa na watoto wawili wadogo wa kuwaacha kwa jirani, akasema atatufuata na basi. Nilipowasha, akausikia ule mlio. Akainama dirishani akaniuliza, kaka, hii gari ni nzima? Nikamwambia ni raba tu, haina neno.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi niliikumbuka siku ile ya waya vizuri sana. Gari ilivyoondoka hapa ikitikisika, mimi ndiye niliyesema inacheza ngoma, na benchi zima likacheka. Timotheo naye alicheka, akatupungia mkono.

—Ulienda kwenye maziko? Spana alimuuliza polepole.

—Niliogopa.

Hapo ndipo alipotokea mtu kutoka upande wa barabara kuu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vina vumbi jekundu la Chunya, koti kubwa kuliko mwili. Alisalimia wazee shikamoo, tukaitikia. Makame akamsogezea kikombe. Hakukipokea. Alikuwa anamtazama Timotheo.

Timotheo alisimama. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia viatu vyake, wala hakujifuta.

—Huyu ndiye Alinanuswe, alisema. Ndiye mume wake.

Kilomita aliinuka nusu, mkono ameutanguliza, tayari kuamua ugomvi. Spana alianza kuvua kofia.

—Pole sana, mwanangu, Mkurugenzi alisema. Kazi ya Mungu. Gari ile, unajua, kuna kitu kinaitwa...

—Sikuja kwa habari za gari, mzee. Polisi wameshanieleza. Raba, paipu, nimeelewa.

Akamgeukia Timotheo. Hakupandisha sauti.

—Nilimwacha mke wangu anaongea vizuri. Mama yake yuko Igowole, kila siku ananipigia ananiuliza, na mimi sina cha kumjibu. Ndiyo maana nimekuja. Pale gari ilipozima, Lusia alikuwa anasema nini?

Timotheo alianza kueleza.

—Mtandao haukuwepo pale, kaka. Nilimwambia anisubiri kidogo. Nikakimbia mpaka kwenye kona kusimamisha magari, maana kwenye ukungu wasingeniona. Mawili yalinipita. La tatu likasimama. Ilikuwa kama dakika arobaini.

—Ndiyo. Na yeye?

—Mimi nilikuwa barabarani. Niliporudi nilikuta ameshakata roho.

—Alikuwa peke yake?

Timotheo aliitikia kwa kichwa.

Alinanuswe alibaki amesimama. Akatutazama mmoja mmoja, Timotheo, Spana, Mkurugenzi, Kilomita, mzee Makame, mpaka akanifikia mimi na sindano yangu mkononi. Alikuwa bado anasubiri, na katika sisi wote hakuna aliyejua Lusia alisema nini.