Mama Foleni na Kitanda cha Tisa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Mkuu, wakuu wa idara, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na zaidi ya wote Mama yetu anayestaafu leo: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano, na Mama anajua kwamba nikishika maikrofoni siiachii kirahisi. Nivumilieni.

Wengi wenu mnamwita Mama Foleni, lakini ni wangapi mnaijua foleni yenyewe? Kila barua pepe inayotoka hapa hupitia mashine moja chumbani kwetu, idara ya kompyuta, na ile isiyoweza kuondoka hukaa foleni ikisubiri. Kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya kuvua koti, kabla hata ya chai, Mama ameandika neno moja kwenye skrini nyeusi, mailq, amri ya kuonyesha barua zilizokwama, kisha akaisoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Halafu ikaja Jumatatu ile. Mwizi alikuwa ameiba nywila ya ofisi ya stoo, na kufikia saa nne asubuhi barua elfu tisa za takataka alizotuma kwa jina la stoo zilikuwa zimejazana, hakuna kinachotoka. Mheshimiwa Mkurugenzi, utanisamehe, ulipiga simu mwenyewe: "Futa zote! Sasa hivi!" Nani angebisha? Nilikwishaandika amri ya kufuta, kidole kiko hewani, Mama akaufunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Mwanangu, umezisoma?"

"Mama, elfu tisa?"

"Sijakuuliza ni ngapi. Zisimamishe zote kwanza, kisha futa za stoo tu. Tuone zinazobaki."

Nilinuna, lakini nikafanya. Zilibaki thelathini na moja. Ya kumi na nne ilitoka maabara kwenda wodi ya upasuaji, ambako simu ilikuwa mbovu tangu Ijumaa: damu iliyotengwa kwa mgonjwa wa kitanda cha tisa si ya kundi lake, isitumike. Upasuaji ulikuwa saa tano. Mama hakungoja printa. Aliandika kiganjani, akatoka mbio na ndala zake za ofisini, akazipanda ngazi zile mnazozijua.

Ndugu zangu, kidole changu kingemuua mtu, na nisingejua kamwe. Bado naogopa nikikumbuka.

Mtu mwenyewe yuko hapa. Dereva wetu, kaka yangu, hebu simama watu wakuone.

Mama, kuanzia kesho kiti chako nakikalia mimi. Leo nimefika kabla yako kwa mara ya kwanza. Foleni ilikuwa na barua sita. Nimezisoma zote sita, ndipo nikavua koti.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Na wewe, Mama, asante kwa mkono ule.