Mwalimu Mulinge Ndolo na Ukurasa wa Saba

Mchungaji, wazee wetu, akina mama na nyote mliofika hapa Ikutha, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Mulinge Ndolo jinsi alivyoagiza yasomwe, pamoja na ile sehemu ambayo wajomba walitaka ifutwe, na mjane wake, Mama Ben, akakataa katakata.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 papa hapa Ikutha, Kaunti ya Kitui, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ndolo na marehemu Syombua, akafuatwa na dada mmoja tu, Kalunde, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuhesabu kwa vijiti malishoni. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1979, akahitimu ualimu mwaka 1984, na Januari 1985 akaanza kufundisha masomo ya biashara kule Tawa, Makueni, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita. Mliopita mikononi mwake mnalijua neno lake, soma swali lote kabla ya kushika kalamu, na ole wako ukikimbilia jibu.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Kaveke, ndiye Mama Ben, katika kanisa lao pale Tawa, wakajaliwa Ben mwaka 1990 na Yvonne mwaka 1994.

Alistaafu Machi 2021, na hapo, jamani, ndipo mambo yalipoharibika. Alianza kuwafundisha jamaa zake kununua hisa, akisema unachukua faida halisi ya kampuni, ile inayobaki baada ya gharama zote na kodi, unaigawanya kwa idadi ya hisa, unajua kila hisa imezalisha nini kwa mwaka, kisha unazidisha mara nane, kwa kuwa kampuni za aina hiyo huuzwa kwa faida ya miaka minane hivi. Mei 2022 aliingia saiba, duka la kompyuta, akachapisha matokeo ya kifedha ya kampuni moja ya magunia, ukurasa wa kwanza peke yake, ili kuokoa shilingi kumi kumi za kila ukurasa, akaona faida ya milioni mia sita na hisa milioni mia moja, akapata shilingi sita kwa hisa, thamani arobaini na nane, na sokoni ilikuwa ishirini na moja.

Alifunga safari mpaka hapa, akamhimiza Kalunde auze ng'ombe wake wote kumi na wawili anunue hisa hizo. Kalunde, ambaye hakupita darasa la nne, alimuuliza mbele ya watu kama faida hiyo ilikuwa ya maziwa ama kuna ng'ombe ameuzwa, na Mwalimu akacheka, akasema hii si hesabu ya boma, watu nao wakacheka. Kwa aibu Kalunde aliuza kumi na mmoja, akanunua hisa, akabakisha mmoja mwekundu.

Jibu la swali la Kalunde lilikuwa ukurasa wa saba, ambao Mwalimu hakuuchapisha. Kampuni ilikuwa imeuza ardhi yake, milioni mia tano na kumi za faida ile zilitoka huko na zisingerudi tena, kwa hivyo kazi yenyewe ilikuwa imezalisha senti tisini tu kwa kila hisa, na thamani haikufika hata shilingi nane. Novemba 2023, hisa ikiwa shilingi nne, Mbuvi, mume wa Kalunde, alihitaji upasuaji, ng'ombe mmoja asingetosha kuulipia, na Mbuvi akafia nyumbani. Kalunde hakumsalimia tena kakake.

Tarehe 9 Februari 2025 Mwalimu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya Wote, usemi ukampotea, akaandika kwa mkono wa kushoto kwamba Kalunde aliuliza swali la haki naye akamcheka mbele ya watu, basi na hili lisomwe mbele ya watu. Kalunde alipelekewa karatasi hiyo, akaja tarehe 3 Juni saa nne asubuhi, na kakake alikuwa ameaga dunia saa moja asubuhi hiyo hiyo. Inauma, haki, inauma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote, majirani wa Tawa na Ikutha, na walimu wenzake. Tunamshukuru pia Kalunde, ambaye ameketi pale mbele, kwa maana maziwa ya chai mliyokunywa asubuhi ni ya yule ng'ombe mwekundu, na amemkama mwenyewe.

Mwalimu, swali tumelisoma lote, sasa pumzika kwa amani.