Historia ya Urbanus Petro Ntandu na Jina Lililozidi

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu zetu mliotoka Singida, majirani wa mtaa wetu wa Soweto, mafundi wenzake wa mjini, na ninyi wageni wetu mlioshuka kutoka Kirua Vunjo, wakubwa shikamooni, na wote poleni kwa safari na kwa jua hili. Historia hii inasomwa na Eva, binti mkubwa wa marehemu, nayo ni ndefu kidogo kuliko mlizozoea, kwa kuwa sehemu kubwa aliisema marehemu mwenyewe, Eva akiiandika pembeni ya kitanda, na aliagiza isikatwe hata mkitazama saa.

Marehemu Urbanus Petro Ntandu alizaliwa tarehe 3 Mei 1974 katika kambi ya wakata miwa kusini mwa mji wa Moshi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Petro Ntandu, aliyekuja kutoka Singida kukata miwa kwa msimu mmoja tu, na msimu huo haukuisha mpaka naye alipozikwa hukuhuku. Mlima aliuona kila asubuhi ya utoto wake, lakini huko juu hakuwa na hata shina moja la mgomba, na mnaombwa mlikumbuke hilo kwa sababu tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi kambini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Moshi kuanzia 1989 hadi 1992, akamaliza kidato cha nne kwa ufaulu wa kawaida, isipokuwa mwandiko wake, ambao walimu waliupenda mno kiasi kwamba kila tangazo la shule, hata la wanafunzi waliofukuzwa kwa kukosa ada, liliandikwa na yeye, na mara mbili alijikuta akiandika jina lake mwenyewe.

Mwaka 1993 alikwenda Bomang'ombe kujifunza kwa fundi wa mabango, akiandika kwa brashi majina ya hoteli, ya mashine za kusaga na ya mabasi, na mwaka 1997 akaajiriwa katika duka la uchapaji la Mzee Zaidi, nyuma ya soko, ambako mashine kubwa iliendeshwa na Khalid, aliyepo hapa leo. Kompyuta ya kwanza ilipoingia dukani mwaka 2001, Mzee Zaidi alimpeleka Dar es Salaam kwa miezi miwili kujifunza CorelDRAW na Photoshop, akarudi akiwa amekonda na amefurahi, na tangu hapo akawa ndiye mtu wa michoro mjini, wa nembo, kadi za biashara, vitabu vya risiti, kalenda, lebo za asali na za kahawa, fulana za kampeni, kadi za harusi na mabango ya maduka. Ukitoka stendi ukaenda mpaka sokoni unapita chini ya kazi ya mkono wake zaidi ya mara thelathini, Eva amezihesabu wiki hii akifuatilia jeneza. Aliwavumilia wateja waliotaka nembo iwe kubwa, kisha kubwa zaidi, kisha irudishwe ilivyokuwa, na nyumbani alifika akiwa hana maneno yaliyobaki, anakula, anakaa, anatazama ukuta. Januari 2012 alifungua ofisi yake mwenyewe pamoja na Ummy, ambaye ameifunga kwa siku tano ili awepo nasi.

Alifunga ndoa na Beatha, mwenyeji wa Kibosho, tarehe 24 Oktoba 1998, wakajaliwa watoto wawili, Eva mwaka 1999 na Dominika mwaka 2003. Wawili tu. Marehemu aliagiza neno hilo lisomwe taratibu, nasi tunalisoma taratibu.

Sasa tunafika mahali ambapo yeye alitaka tusimame. Mnajua kwamba huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha, ratiba na historia yake, na kijitabu hicho hutengenezwa kwa haraka, kwa siku mbili au moja, na familia ambayo haijalala. Mafundi wana njia yao ya kuwahi, hufungua kijitabu cha marehemu aliyetangulia, hufuta jina na picha, huweka za marehemu mpya, hubadilisha tarehe, basi. Marehemu alifanya hivyo kwa miaka kumi na hakuona ubaya wake.

Wiki ya kwanza ya Agosti 2011 dukani kulikuwa na misiba mitatu, yote ya kuzikwa Jumamosi tarehe 6. Mmoja ulikuwa wa Bomang'ombe, wa baba aliyeacha watoto watatu, wa mwisho akiitwa Given. Mwingine ulikuwa wa Kirua Vunjo, wa marehemu Sylvanus Mtui, fundi umeme aliyefanya kazi Arusha na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, aliyeacha mke, Mama Dafroza, na watoto wawili, Stella na Aminieli. Historia yake iliandikwa kwa mkono na mdogo wake, Mzee Vedastus, kwa kalamu ya bluu, ikaletwa dukani Alhamisi. Marehemu Urbanus alifungua kijitabu cha Bomang'ombe, akaandika Stella juu ya jina la kwanza, akaandika Aminieli juu ya la pili, akaitwa mbele kwa mteja wa kalenda, akarudi, akaendelea na ukurasa unaofuata. Given akabaki. Ijumaa jioni vijitabu vilichukuliwa vikiwa bado vina joto la mashine, hakuna aliyevipitia, na Jumamosi kijana wa ukoo aliyepewa kusoma alisoma kilichoandikwa, kwamba marehemu ameacha mke na watoto watatu, Stella, Aminieli na Given.

Waombolezaji walisikia, Mama Dafroza alisikia akiwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza, na hakuna aliyefikiria kosa la fundi, kwa sababu mume aliyekuwa akilala Arusha wiki tatu kwa mwezi ni rahisi kumfikiria jambo jingine. Mzee Vedastus aliapa hakuandika jina hilo, wakasema anamficha kaka yake, wakamwambia alete karatasi yake. Jumatatu tarehe 8 alishuka mjini akamwomba marehemu ile karatasi ya kalamu ya bluu. Marehemu alikuwa nayo kwenye droo. Alikuwa ameshaitazama asubuhi ileile, ameshaona alichokifanya, na akamjibu mzee wa watu kwamba karatasi za wateja hufagiliwa kila Jumamosi. Kwa nini alijibu hivyo, Eva alimuuliza, naye akasema ni woga tu, alikuwa amebakiza miezi michache afungue ofisi yake, na aliona watasema mtu asiye na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, amekuja kuharibu vihamba vya watu.

Na kweli kihamba kiliharibika. Mnajua nyumba ya baba huku mlimani hukaliwa na mtoto wa kiume wa mwisho, na jina lililosomwa mwisho lilikuwa Given. Wazee wa ukoo walikaa, wakaona hawawezi kumdhulumu mtoto asiye na kosa, wakazungushia masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, kile kipande cha migomba kando ya nyumba na kusema kisiguswe mpaka Given apatikane. Aminieli, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na ndiye mwenye haki yake, aliambiwa asubiri, akasubiri miaka miwili, akaondoka kwenda Geita, na Krismasi kumi na mbili zimepita watu wote wakipanda mlimani kwao isipokuwa yeye. Mama Dafroza hakuwahi kuomba misa ya kumbukumbu ya mume wake, na kaburi lile halijajengewa mpaka leo.

Habari hizi zilimfikia marehemu moja moja, kupitia wateja. Alipanda Kirua Vunjo mara tatu. Mara ya kwanza aligeuzia njiani. Mara ya pili, mwaka 2014, alifika na isale ndani ya bahasha ya kaki, lile jani ambalo huku mlimani aliyekosa hulichukua kwenda kuomba msamaha, na Mama Dafroza, akidhani ni mgeni aliyechelewa kutoa pole, alimkaribisha ndani, akampakulia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, akamsimulia mwenyewe jinsi mume wake alivyomwaibisha. Marehemu alikula, akashukuru, akashuka na bahasha yake. Mara ya tatu hakufika getini. Mama Eva alimwambia kila mwaka, Baba Eva nenda kaseme, na kila mwaka alijibu atakwenda baada ya Pasaka.

Alichokifanya badala yake ni kuacha kutumia vijitabu vya zamani. Tangu alipofungua ofisi yake, kila marehemu alianziwa ukurasa mtupu, na kila jina lilisomwa kwa sauti mbele ya mwenye msiba, hata kama mwenye msiba analia na anataka kuondoka. Ilichukua muda mara tatu, wateja wakahamia kwa wenye haraka, mafundi wenzake wakamtania kwamba anaandika Biblia, naye hakuwaeleza. Mliowahi kukasirishwa na ucheleweshaji wake, sasa mmejua.

Mwezi Machi 2023 alianza kuvimba miguu, ikagundulika figo zote mbili zimeshindwa, na tangu hapo alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, miaka miwili na miezi minane. Hatutapamba. Alichoka yeye, akachoka mama, tukachoka sote. Mwezi Septemba mwaka huu alimwomba Eva alete kompyuta, akamwambia afungue ukurasa mtupu, akaanza kusema haya mnayoyasikia. Eva alimuuliza kwa nini asimwite Mama Dafroza aje chumbani, waongee wawili, akajibu kwamba uongo ule ulisomwa msibani mbele ya watu, na neno la chumbani halitaufikia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi wakamjua kwa sauti ya viatu, majirani wa Soweto kwa maji, kuni na viti, na wafanyakazi wenzake, Mzee Zaidi, Khalid na Ummy, ambao hadi juzi hawakujua habari hii na waliposomewa hawakutukimbia.

Tunakushukuru wewe Mama Dafroza, na wewe Mzee Vedastus, ambao tuliwaomba mje bila kuwaambia sababu, mkaja. Marehemu Sylvanus Mtui aliacha watoto wawili, Stella na Aminieli. Given ni mtoto halali wa baba mwingine, wa Bomang'ombe, na hana deni lolote kwenu. Karatasi ya kalamu ya bluu ipo hapa mkononi mwa Eva, ina majina mawili, na imefungwa pamoja na isale, ambalo Mama Eva amelikata leo asubuhi kwenye uzio wetu. Eva akimaliza kusoma atakuja mlipokaa. Mkilipokea tutashukuru, na msipolipokea hatutawalaumu, lakini karatasi tunaomba muichukue, muipandishe kwa wazee, na Aminieli apigiwe simu leo.

Vijitabu mlivyoshika vilianzwa kwenye ukurasa mtupu, na majina yote yalisomwa kwa sauti mezani kwetu. Kama bado lipo lililozidi au lililopungua, tunaomba lisemwe sasa, kabla udongo haujarudishwa.

Baba, umebeba karatasi moja miaka kumi na minne. Tumeipokea sisi. Lala, upumzike kwa amani.